Je, Dini Huhuika kwa Zamu?

SWALI: Assalaamu alaykum Shekhe. Nimesoma kwamba wataalamu wa elimu ya jamii wanasema dini hupanda na kushuka kwa mzunguko: kizazi kimoja huishika, vinavyofuata hulegea, kisha huja mwamko mpya. Je, Muislamu anaweza kukubali hayo? Na kama ni kweli, si tungoje tu zamu yetu?

JIBU: Wa alaykumus-salaam wa rahmatullah. Ndugu yangu, kulegea kwa vizazi hakukanushiki. Suratul Hadid aya ya 16 inawaonya waumini wasiwe kama waliopewa Kitabu kabla yao, muda ukawarefukia na nyoyo zao zikawa ngumu.

Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Kiislamu, katika kitabu chake Muqaddima alichokiandika mwaka 1377, alieleza jinsi heshima ya nyumba inavyokwisha katika vizazi vinne. Mwasisi anajua jasho lililoijenga. Mwanawe ameyasikia kwa babake, na kusikia si sawa na kuona. Mjukuu anaiga tu. Kitukuu anadhani utukufu ni haki yake ya kuzaliwa, basi anaupoteza. Yeye alizungumzia nasaba na utawala, lakini mimi naiona dini yetu humo: mtoto anarithi kanzu na msahafu, ila hakurithi machozi ya babu yake usiku.

Kuhuika ndiko kusikokuja kwa hesabu. Mtume (s.a.w.) amesema, katika Hadithi ya Abu Hurayra iliyopokewa na Abu Dawud, kwamba Mwenyezi Mungu atauletea umma huu, kila mwanzo wa miaka mia, atakayeihuisha dini yake. Hiyo ni ahadi, si mzunguko unaojiendesha, na mwenye kutuma ni Yeye. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya maana ya “mwanzo” huo, na baadhi yao, akiwemo mwanazuoni wa Hadithi Dhahabi, wamesema mhuishaji aweza kuwa kundi zima. Kwa hiyo usimkimbilie kila anayejiita mujaddid, yaani mhuishaji wa dini.

Kuhusu kungoja, mtazame khalifa Umar bin Abdul Aziz, ambaye Imam Ahmad alimhesabu mhuishaji wa karne ya kwanza. Alitawala tangu mwaka 99 hadi 101 Hijria, hata miaka mitatu haikutimia. Alirudisha mali zilizodhulumiwa, akianza na za ukoo wake mwenyewe, na akaamuru Hadithi za Mtume ziandikwe zisipotee kwa kufa wanazuoni. Anza na nyumba yako, leo kabla ya Isha.

Wallahu a'lam.