Maswali Yenu kwa Daktari: Nimeambiwa nikatibiwe tumbo kwa hipnosisi, niende?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu Tanga ila kwa sasa naishi Manchester huku Uingereza. Zaidi ya mwaka tumbo linanisokota, linajaa gesi, mara nikose choo mara niharishe, vipimo vyote nimefanya wanasema ni IBS, yaani utumbo unaosumbuka bila vipimo kuonyesha kidonda wala ugonjwa mwingine, na dawa nimetumia wee lakini wapi. Sasa daktari wangu anataka kunipeleka kwenye hipnosisi. Mama kasikia kanipigia simu, anasema nisithubutu, hayo ni mambo ya kuchezewa akili na majini. Na mimi najiuliza, kama ni kutulia tu si nijilalie nyumbani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, maana tumbo la hivyo linamnyima mtu raha hata shughulini, ukifika tu unaulizia kwanza choo kiko wapi.

Nianze na mama. Mwambie hakuna jini hapo wala hulazwi usingizi. Unakuwa unasikia kila kitu, ukitaka kuinuka na kuondoka unaondoka, na siri yako haitoki kama hutaki kuisema. Kinachofanyika ni akili yako kukusanywa sehemu moja mpaka mengine yanakaa mbali kidogo, halafu mtaalamu anakupa maneno yanayolenga ugonjwa wako. Tena uko kwenye mji wenyewe! James Braid, daktari wa upasuaji aliyelieneza hilo jina la hipnosisi, alifanya kazi hapohapo Manchester miaka ya 1840, na mwaka 1984 Dk. Peter Whorwell na wenzake wa hukohuko walichukua wagonjwa 30 wa IBS sugu, nusu wakapewa hipnosisi, nusu wakapewa tiba ya mazungumzo pamoja na vidonge visivyo na dawa ndani, na wale wa hipnosisi ndo walipata nafuu kubwa zaidi. Miongozo ya tiba ya Uingereza inasema kama dawa hazijamsaidia mgonjwa wa IBS kwa miezi 12 basi tiba hii ifikiriwe, kwa hiyo daktari wako hajabuni kitu.

Sasa hiyo ya kutulia. Ubongo na utumbo vinawasiliana muda wote, ukijaa mawazo tumbo nalo linavurugika, ndo maana wataalamu wengi huanza kwa kukutuliza. Mbinu mojawapo ni ya daktari Edmund Jacobson wa Marekani: unakaza ngumi sekunde kama tano, unaachia ghafla, unasikiliza tofauti yake, unahamia bega, taya, tumbo mpaka vidole vya miguu. Hiyo ifanye nyumbani kila jioni, ni bure na inasaidia, ila bado sio hipnosisi. Kazi yenyewe inakuja baada ya hapo, unaweka kiganja tumboni, unaongozwa usikie joto linaingia ndani, uuone utumbo unapitisha vitu taratibu kama mto uliotulia, na utapewa rekodi uendelee mwenyewe nyumbani maana mazoezi ni sehemu ya tiba. Na ujue kutulia sio lazima kabisa: mwaka 1976 wanasaikolojia Éva Bányai na Ernest Hilgard waliwaingiza watu kwenye hipnosisi wakiwa wanakanyaga baiskeli ya mazoezi, macho wazi, na maelekezo yakawashika vilevile.

Sio kila mtu inamkubali sawasawa, hilo nalo ulijue mapema usije ukajilaumu.

Mimi nasema nenda, lakini pita kwa daktari wako. Huko Uingereza sheria haimzuii mtu yeyote kujiita mtaalamu wa hipnosisi, kwa hiyo uliza kama huyo ni daktari, nesi au mwanasaikolojia aliyesajiliwa na kama ameshatibu IBS. Kama umewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii au kuugua ugonjwa mkubwa wa akili, sema kabla ya kuanza. Dawa usiache kienyeji. Na ukiona damu kwenye choo au unapungua uzito bila sababu, rudi kwa daktari haraka, usisubiri hata hiyo siku ya miadi.