Mwanangu, anzeni na anayepokea simu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Mbeya. Huku hatujambo, baridi tu ndiyo imeanza kubana. Unasema shirika lenu hapo Mafinga limepata fedha kidogo za kupambana na ukatili wa kijinsia katika vijiji vya Mufindi, wenzako wanataka kutengeneza aplikesheni ya kutolea taarifa, na wewe unaniuliza: tuitengeneze, au fedha hizi tuzielekeze wapi?

Mwaka huu msiitengeneze. Anzeni na mtu atakayepokea taarifa, halafu rudini nyuma hatua kwa hatua mpaka mfike kwenye simu iliyo mkononi mwa mwanamke kijijini.

Pimeni kila kitu kwa saa 72. Aliyebakwa anatakiwa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ndani ya muda huo, na kadiri anavyochelewa ndivyo dawa inavyopungukiwa nguvu. Akishaanza, anazimeza siku 28 mfululizo. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kina mpaka saa 120, nacho hufanya kazi vizuri zaidi kikiwahiwa. Sasa kaeni mezani mchore njia yenyewe. Taarifa imetoka kijijini Ijumaa jioni, mvua imenyesha, barabara ni utelezi. Nani anaiona kwanza? Anampigia nani? Dawa hizo ziko zahanati ya kijiji, kituo cha afya, au mpaka hospitali ya wilaya? Mwenye ufunguo wa kabati la dawa yuko zamu Jumamosi? Bodaboda analipwa na nani? Kila swali liandikiwe pembeni jina la mtu, namba yake na namba ya atakayeshika nafasi yake akiwa hayupo. Pale mtakapokosa jina ndipo fedha zenu ziende kwanza, kwa sababu aplikesheni itafikisha taarifa hapo hapo na kuiacha.

Kagueni na namba zilizokwisha kubandikwa. Mabango mengi ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hubeba namba binafsi ya askari aliyekuwepo siku bango linachapishwa. Akihamishwa, anaondoka na laini yake, na bango linabaki ukutani miaka. Ombeni dawati liwe na simu ya ofisi inayokabidhiwa kwa saini zamu hadi zamu, ikibidi nunueni ninyi simu hiyo na vocha zake. Kisha ipigeni mara kumi kwa nyakati tofauti: mchana wa siku ya kazi, Jumamosi usiku, Jumapili wakati wa ibada, siku ya gulio. Andikeni imeita mara ngapi na nani kapokea. Isipopokelewa angalau mara nane, msiitangaze redioni. Mwanamke akijaribu mara moja akakosa mtu, mara ya pili hapigi. Kwa watoto mnayo tayari namba 116, haina malipo na inafanya kazi saa 24. Ifundisheni shuleni badala ya kubuni nyingine.

Kuhusu PF3, wafundisheni wahudumu wenu wa jamii wasibabaike. Fomu ya polisi namba tatu inahitajika ili matokeo ya uchunguzi wa daktari yaingie kwenye kesi, na ni bure. Lakini anayevuja damu, au ambaye saa zake 72 zinayoyoma, apelekwe kwenye matibabu kwanza, mwingine afuatilie fomu wakati huo huo. Aliyebakwa asioge kabla ya kupimwa kama anaweza kuvumilia, na nguo alizovaa zianikwe kivulini zikauke, kisha zifungwe kwenye karatasi au bahasha ya kaki. Mfuko wa plastiki unatunza unyevu, nguo zinaota ukungu na ushahidi unaharibika. Kosa hili linafanyika sana, tena na watu wenye nia njema.

Sasa simu yenyewe. Wanawake wengi mtakaowahudumia wana kitochi, na mara nyingi kitochi hicho ni cha nyumba nzima. Kinalala dirishani, mume anakichukua asubuhi, anabonyeza kitufe cha kijani mara mbili na kinapiga namba ya mwisho iliyopigwa. Ndiyo maana hata menyu ya nyota na reli (USSD), kama ile ya kutumia fedha kwa simu, ambayo watu huisifia kwamba haiachi meseji, bado ina hatari: simu nyingi huhifadhi namba hiyo kwenye orodha ya simu zilizopigwa. Mkiamua kuitumia, namba fupi inaombwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kisha mnaunganishwa na kila mtandao mmoja mmoja, kwa hiyo ulizeni gharama na muda kabla ya kumwahidi mtu. Skrini moja haibebi zaidi ya herufi 182, na anayesoma polepole hukatwa kabla hajamaliza. Andikeni maneno ambayo mtu angeyasema mwenyewe: Umepigwa? Umelazimishwa? Amekufukuza? Na skrini ya mwisho imkumbushe kufuta namba aliyopiga.

Mimi ningechagua simu ya sauti isiyo na malipo, kwa sababu mwenye hofu anahitaji kusikia mtu. Mpokeaji aanze na swali moja: "Unaweza kuongea sasa hivi?" Jibu likiwa hapana, aulize saa ya kupigiwa na wapatane maneno ya kujificha. Kwa vijiji vyenu ningetumia mbegu za viazi. Mpokeaji akipiga na sauti ya kiume ikajibu, anasema, "Samahani, nilikuwa naulizia kama mlihitaji mbegu za viazi," anaaga na kukata. Maneno hayo yawe yamekaririwa, kwa sababu kusitasita kwa sekunde mbili kunatosha kumponza mtu. Asiyekupa saa ya kumpigia usimpigie kabisa, hata ukiwa na wasiwasi naye kiasi gani. Na mpokeaji mmoja akijua Kihehe, mtawapata kina bibi ambao Kiswahili cha ofisini kinawafunga mdomo.

Nauli nayo ina mtego. Ukimtumia mwanamke fedha kwa simu, ujumbe unabaki na jina la aliyetuma, na kama laini ni ya shirika, jina la shirika linasomeka. Mlipeni bodaboda moja kwa moja akishamfikisha. Chagueni bodaboda wawili au watatu kwa kila kijiji, mkishirikiana na mtendaji wa kijiji na kamati ya MTAKUWWA, yaani ile ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, wafunzwe kutokuuliza maswali njiani, na bei za usiku zikubaliwe mapema kwa maandishi.

Kwa wenye simu janja, wasichana wa vyuo na wafanyabiashara wa Makambako na Tunduma kwa mfano, ukatili huingia kwa mlango mwingine. Mfundisheni kila mmoja kukagua mambo haya: kwenye WhatsApp, vifaa vilivyounganishwa, kwa sababu mtu akiishika simu yako dakika moja anaweza kusoma ujumbe wako kwenye kompyuta yake; kwenye Google Maps, kama mahali ulipo panashirikishwa na mtu; kwenye akaunti ya Google, simu nyingine zilizoingia humo. Apige *#21# kuona kama simu zake zinaelekezwa kwa namba nyingine, na *106# kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Lakini akimkuta anayemfuatilia asikimbilie kumfungia. Siku udhibiti unapokatika ghafla ndiyo siku mtu hupigwa vibaya zaidi. Kwanza ajue atalala wapi, watoto watakuwa na nani na vyeti viko wapi, ndipo afunge. Na kabla ya hapo atumie simu ya mtu anayemwamini kuomba msaada.

Picha za faragha zikisambazwa, au mtu akitishia kuzisambaza, mhusika huwa na haraka ya kufuta kila kitu kwa aibu. Mtulizeni. Apige picha ya skrini inayoonyesha namba au jina la akaunti, tarehe na saa. Ahamishe mazungumzo nje ya WhatsApp na kuyaweka kwenye memori kadi. Simu yenyewe aitunze, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama kupima jinsi ushahidi ulivyotengenezwa na kutunzwa. Picha yenyewe asiitumie kwa mtu yeyote, wala ninyi msiipokee kwenye simu zenu. Kuna huduma ya StopNCII, iliyoanza 2021, kwa wenye miaka 18 na zaidi: inatengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu ya mhusika, picha haiondoki, na kampuni zilizojiunga, Facebook na Instagram zikiwemo, hutumia alama hiyo kuizuia. Wa chini ya miaka 18 wana huduma ya aina hiyo hiyo iitwayo Take It Down. Waambieni ukweli kwamba haizuii kinachozunguka ndani ya makundi ya WhatsApp. Huko ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na polisi.

Takwimu ndizo zinazonikosesha raha zaidi katika mpango wenu. Mmependekeza ramani yenye alama ya kila tukio. Kwenye kitongoji chenye nyumba chache, alama moja ni sawa na kutaja jina. Onyesheni kwa kata tu, na idadi ikiwa chini ya tano msiichapishe. Fomu ibebe namba ya siri badala ya jina, na daftari linalounganisha namba na jina lifungiwe kabatini kwa mtu mmoja. KoboToolbox, programu ya kujazia fomu kwenye simu, inatosha kabisa kwa kuanzia na inafanya kazi pasipo mtandao, jambo la lazima huko kwenye mabonde ya chai na misitu. Ila simu za kukusanyia ziwe na nywila, na fomu zitumwe na kufutwa siku hiyo hiyo. Jisajilini Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla ya kukusanya chochote, sheria ya 2022 inataka hivyo. Na makundi ya WhatsApp ya "kuripoti kesi" yafungeni leo. Humo mna mwenyekiti, mna shemeji wa mtuhumiwa, na jina la mwanamke linafika nyumbani kabla yake.

Fedha zitakazobaki zipelekeni kwenye vikundi, kwa sababu simu humfikia mtu akishaumizwa. Kampala, mpango wa SASA! wa kuzuia ukatili dhidi ya wanawake ulifanyiwa utafiti uliotoka 2014: katika mitaa iliyoupata, ukatili wa kimwili wa wenza ulikuwa pungufu kwa asilimia 52 kuliko mitaa isiyoupata. Uliendeshwa na wakazi wa mitaa ile ile, kwa mazungumzo ya miaka, wanaume wakiwemo. Mwanza, utafiti wa MAISHA ulichukua wanawake wa vikundi vya mikopo, ukaongeza vipindi kumi vya mafunzo, na ukatili wa kimwili ukapungua. Ninyi mna VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, kila kijiji. Vipindi vifanyike siku ya hisa wakati wote wapo, vianze kabla ya msimu wa kuuza mazao, maana fedha ya mavuno ikifika ugomvi wa nani aishike huwa umeshaiva. Msiwaache waume nje. Kikundi cha wake peke yake kinaweza kumrudisha mtu nyumbani na maneno mapya kwa mume asiyejua yametoka wapi.

Jambo moja mtapambana nalo sana: kesi kumalizwa nyumbani. Wazee wanakaa, ng'ombe au fedha inatajwa, shahidi anabadilika. Waelezeni viongozi wa kitongoji bila kuwatukana kwamba ubakaji ni jinai, kesi yake ni ya Jamhuri, na familia haina mamlaka ya kuisamehe. Wakati huo huo, mwanamke awekewe mtu wa kumsindikiza kila tarehe ya mahakama, na nauli yake. Kesi nyingi hufa kwa nauli.

Nitumie rasimu ya fomu na ile orodha ya majina na namba, hata ikiwa na nafasi wazi. Naanza kuisoma kuanzia safu ya zamu za usiku.

Mama yako,
Mbeya