Stuyvesant au Brooklyn Tech?

Mama, umesema kijana wako yuko darasa la nane New York, atafanya SHSAT, yaani mtihani wa kuingia sekondari maalumu za umma za jiji hilo, kama Stuyvesant na Brooklyn Tech, nawe umeshaamua Stuyvesant kwa sababu ya jina. Taratibu kidogo.

Kwanza, orodha ya shule anazozitaka, ambayo kila mwanafunzi huipanga kuanzia anayoipenda zaidi. Wanafunzi hupangwa kwa alama: mwenye alama za juu huangaliwa kwanza, naye hupewa shule ya juu kabisa kwenye orodha yake ambayo bado ina nafasi. Kwa hiyo apange anavyopenda kweli, asibahatishe kwamba kuanza na shule "rahisi" kutamsaidia. Na shule ambayo hatakubali kwenda asiiandike kabisa. Kwenye mtihani wenyewe jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, basi asiache swali wazi.

Masomo sasa. Shule hizi zote hesabu na sayansi ni nzito, hapo usihangaike. Tofauti iko kwingine. Brooklyn Tech mwanafunzi huchagua fani, na miaka miwili ya mwisho husoma masomo ya fani hiyo. Umesema mwanao hushinda akifungua redio mbovu na kuziunganisha upya. Mimi kwa mtoto wa namna hiyo ningeiweka Tech juu, majirani waseme watakavyo.

Siku ya kutembelea shule, waulize wanafunzi, si walimu: mnalala saa ngapi? Mkikwama kwenye hesabu mnamwendea nani? Halafu pigeni hesabu ya safari ya treni, kwenda na kurudi, kila siku kwa miaka minne.