Kwa anayekwenda usaili wa Kifaransa: usiikaze hiyo "je" (yaani "mimi")!

Usifanye hivyo! Umeandika kwamba wiki ijayo una usaili, umeuliza namna ya kukazia maneno, halafu ukasema mwalimu amekwambia kila neno la maana ulitamke kwa sauti ya juu. Nilipofika hapo nikaacha kusoma. Ushauri huo huo ulinigharimu euro 640.

Nilikuwa Lyon, Ufaransa, tumepanga chumba watu wawili. Pesa ya dhamana nilitoa mimi, taslimu, bila risiti. Siku ya kuhama mwenzangu akadai katoa yeye. Mwenye nyumba akanigeukia. Nikasema "JE l'ai payée!", ile "je" nimeikandamiza kama nilivyofundishwa, nikimaanisha mimi ndiye niliyelipa. Yeye akasikia mtu anafoka tu. Akarudi nyuma hatua moja: "Calmez-vous, monsieur", yaani tulia bwana. Nikarudia, kwa nguvu zaidi. Mwenzangu akasema taratibu, "C'est moi qui l'ai payée", ni mimi niliyelipa, sauti ikatua kwenye "moi", yaliyofuata yakapita chini chini. Akakabidhiwa zote.

Yule mwalimu wa darasa la jioni alikula ada yangu miezi sita na hakuwahi kutuambia kwamba "je" (mimi), "tu" (wewe) na "il" (yeye) hazibebi mkazo! Hivi kwa Kiswahili unaweza kuikaza "ni-" ya "nimelipa" ukaeleweka? Huwezi. Utasema "mimi ndiye niliyelipa". Mfaransa naye ni hivyo hivyo. Mwalimu alikuwa anatufundisha mkazo wa Kiingereza kwa maneno ya Kifaransa, na mpaka leo nina hasira naye.

Basi shika hili moja: usilipandishie neno sauti, lihamishe. "C'est demain que je pars", ni kesho ndiyo naondoka. "Moi, je reste", mimi nabaki.

Sisi tumezoea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwao sauti inavutwa kwenye silabi ya mwisho, tena ya kifungu kizima, si ya kila neno. Sikiliza: "Demain matin, je vais à la gare", kesho asubuhi naenda stesheni. Hapo "-tin" ya "matin" inarefuka na kupanda, msikilizaji anajua bado unaendelea, kwenye "gare" inashuka, umemaliza. Ukigongagonga katikati, hajui umeishia wapi.

Utawasikia watangazaji wakipiga silabi ya kwanza, "C'est FORmidable!", yaani ni safi sana! Ipo, ni ya kuonyesha hisia, lakini hata wao hawaipigi kwenye "je".

Usiku huu chukua majibu uliyoandaa. Kila "je" uliyoipigia mstari, ifute, andika "c'est moi qui", na kitenzi kibaki kile kile cha "je": "c'est moi qui ai", siyo "qui a". Kisha yasome kwa sauti ya chini, kama vile kuna mtoto amelala chumba cha pili. Ukiona maana bado inasikika, nenda kwenye usaili.