Usiifute gcc mkuu, anayelalamika siyo kompaila

Mkuu wa Tabora, kabla hujaifuta gcc (kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo wa lugha ya C kuwa programu ya kuendesha) na kuunguza bando kuishusha upya, vuta subira kidogo. Nikirudia shida yako kwa wanaoingia sasa: programu yako ya kutafuta kipeuo cha pili jana ilikubali ulipoandika sqrt(16). Leo umeibadili isome namba kutoka kwa mtumiaji, imegoma na kusema "undefined reference to `sqrt'". Mdau hapo juu anakwambia uweke upya Linux nzima. Achana naye.

Angalia ulichobandika mwenyewe. Mstari wa kwanza unaanza na /usr/bin/ld, na wa mwisho unasema "collect2: error: ld returned 1 exit status". Anayeongea hapo ni ld, yule muunganishaji (linker), siyo kompaila. Vijana ninaowafundisha hapa Kigoma, pale Mwanga, huwa nawaambia hivi: ukikutana na kosa kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), kwanza jua nani anaongea. Ukishamjua, nusu ya kazi imeisha.

Hii gcc unayoiita kompaila ni nyapara tu. Ukimpa kipeuo.c anagawa kazi. cc1 anasoma mistari ya #include, anaingiza heda zote (faili zinazotaja fanksheni zilizopo), kisha anageuza msimbo wako kuwa asembli, lugha iliyo karibu kabisa na ya mashine. Mwingine, as, anageuza asembli kuwa lugha ya mashine, ndiyo lile faili la .o. Mwisho ld anaunganisha faili hilo na maktaba zinazohitajika, yaani makusanyo ya fanksheni zilizokwisha kuandikwa, ili upate programu ya kuendesha. Kwako wewe wawili wa mwanzo wamemaliza salama kabisa. Aliyekwama ni wa mwisho: ameona programu inaita sqrt, akaitafuta, hakuiona.

Hakuiona kwa sababu kwenye Linux fanksheni za hesabu zinakaa kwenye maktaba yake, libm, mbali na maktaba kuu ya C. Kuandika #include <math.h> hakuileti sqrt. Heda inamwambia kompaila tu kwamba kuna kitu kinaitwa hivyo, kinapokea double (namba yenye desimali) na kurudisha double. Kuileta yenyewe ni kazi ya -lm:

gcc -Wall kipeuo.c -o kipeuo -lm

Hiyo -lm iache mwishoni. ld anasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na kwenye Ubuntu ukiitanguliza mbele ya faili lako anaiona haina anayeihitaji, anaiacha, halafu unarudi kwenye kosa lile lile na kudhani nimekudanganya.

Sasa kwa nini jana ilikubali? Hapa ndipo patamu. gcc anaijua sqrt. Alipoona 16 imeandikwa wazi, alipiga hesabu mwenyewe wakati wa kukompaili, akaandika 4 ndani ya programu, basi. Hakukuwa na sqrt ya kuitwa, kwa hiyo ld hakuwa na cha kutafuta. Namba ikitoka kwa mtumiaji hawezi kuijua mapema, lazima aache wito. Usiniamini mimi, jaribu:

gcc -S kipeuo.c
grep sqrt kipeuo.s

Alama ya -S inamsimamisha nyapara kwenye asembli, na grep anatafuta neno ndani ya faili. Kwa toleo la leo utaona mstari wa call wenye sqrt. Rudisha 16, rudia amri hizo mbili, grep hatatoa chochote. Ukiwa na hamu zaidi, weka -E badala ya -S uone vimistari vyako vichache vinavyogeuka mamia baada ya heda kumwagwa ndani.

Kwa mnaotumia simu, na huku kwetu ni wengi, kanuni ni ile ile. Kwenye Termux (app inayokupa terminali kwenye Android) ukiweka clang, kompaila nyingine ya C, unafanya kazi vizuri tu, na hata ukiandika gcc humo anayeitika ni clang. Kijana mmoja wa Ujiji alikuja kwangu amekasirika: programu imekompaili bila neno, lakini akiandika ./a.out anajibiwa "Permission denied". Alishapiga chmod (amri ya kubadili ruhusa za faili) mpaka akachoka. Msimbo wake alikuwa ameuhifadhi kwenye folda ya Download, na Android hairuhusu programu kuendeshwa kutoka kwenye hifadhi hiyo ya pamoja, chmod au bila chmod. Tulihamishia kila kitu kwenye folda ya nyumbani ya Termux, ikakubali papo hapo. Clang hakuwa na hatia yoyote, na jina lake halikuwemo kwenye ule ujumbe.

make, anayeendesha amri za kukompaili kwa kufuata faili la Makefile, naye ana lake. Ukinakili Makefile kutoka kwenye PDF ukapata "missing separator", ni Tab iliyogeuka kuwa nafasi za kawaida. Stuart Feldman aliitengeneza make pale Bell Labs mwaka 1976, akadai Tab mwanzoni mwa mstari wa amri, na mpaka leo tunadaiwa Tab hiyo.

Aliyeshauri utumie IDE kubwa (programu yenye kuandikia msimbo na vitufe vya kuuendesha) badala ya terminali, sibishani naye sana, ila kwenye laptop ya RAM 2GB utakaa unaangalia duara likizunguka. Na nyuma ya kile kitufe cha Run nyingi zinaita gcc huyu huyu, na -lm utadaiwa vilevile, safari hii ukihangaika kutafuta kwenye menyu mahali pa kuiandika.

Weka -lm kwanza. Ikigoma tena, bandika hapa amri nzima uliyoandika pamoja na mistari yote ya majibu, kuanzia wa juu kabisa. Picha ya skrini iliyokatwa katikati hatutaweza kuisoma.