Kibodi ikigoma baada ya kupandisha Ubuntu, uliza kwanza inagomea wapi

Agosti 2024 lilipotoka toleo la 24.04.1 la Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta wa familia ya Linux, mashine zenye toleo la zamani la 22.04 zilianza kuwaletea wenyewe ujumbe wa kuwakaribisha wapandishe mfumo. Karakana yetu ikapokea laptopu kadhaa mfululizo, na wengi walioleta walifika na kauli moja: "Fundi, kibodi imekufa." Nakuandikia wewe unayeanza kazi hii, au unayejitunzia mashine yako nyumbani, kwa sababu mojawapo ya laptopu hizo niliishughulikia vibaya, na mwenye nayo akaumia kwa kosa langu.

Alikuwa mwalimu wa sekondari. Kibodi ya laptopu yake haikuandika hata herufi moja kwenye skrini ya kuingilia. Nikafungua mashine, nikasafisha utepe wa kibodi, nikauchomeka upya. Hola. Nikamwambia anunue kibodi nyingine. Akanunua, nikaifunga, hali ikawa ile ile. Siku ya pili ndipo nilipowasha mashine na kugusa Esc, menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, ikatokea, nikabonyeza mshale wa chini. Ukashuka. Nikarudisha kibodi ya zamani, nayo ikashusha mshale vilevile. Ilikuwa nzima tangu mwanzo. Hela yake nilimrudishia na radhi nikamwomba, lakini siku mbili alizokaa bila mitihani aliyokuwa anaitunga, hizo sikuwa na namna ya kumrudishia.

Ndiyo maana nakusihi uanze na swali kabla ya amri yoyote ya terminali: kibodi inagoma katika hatua gani? Mashine inapowaka, kibodi hupokezanwa. Kwenye BIOS (programu ya kwanza kabisa kuamka mashine inapowashwa) na GRUB inasomwa na programu iliyomo kwenye mazabodi, Linux ikiwa bado haijaingia. Kisha kerneli, yaani kiini cha Linux kinachozungumza na vifaa, inaipokea, halafu skrini ya kuingilia, na mwisho eneokazi lako lenye mpangilio wake wa herufi. Ikigoma hata ndani ya BIOS, chukua bisibisi. Ikiandika vizuri kwenye GRUB halafu ikanyamaza, weka bisibisi chini, shida iko kwenye mfumo.

Ukishafika hapo, mshuku kerneli kwanza. Ubuntu 22.04 ilitoka na kerneli 5.15, na 24.04 ikatoka na 6.8. Kati ya hizo mbili, namna ya kuzungumza na vifaa vingi ilibadilishwa. Bahati nzuri, kwa kawaida kerneli ya zamani hubaki kwenye mashine kwa muda. Kwenye GRUB ingia "Advanced options for Ubuntu", chagua yenye namba ndogo, uwashe nayo. Kibodi ikirudi, umeshajua pa kuchimba, na mwenye mashine anaweza kuendelea na kazi yake siku hiyohiyo huku wewe ukitafuta dawa. Kwa sababu hiyo usikimbilie `sudo apt autoremove` siku ya kwanza baada ya kupandisha. Amri hiyo inaweza kukufutia kerneli ambayo kesho utaitafuta kwa machozi.

Jambo jingine ambalo wanafunzi wangu huchelewa kulielewa: kibodi ya ndani ya laptopu nyingi haipiti njia ya USB. Inapita kwenye kidhibiti cha tangu zamani ambacho kerneli hukiita i8042. Kwa hiyo kibodi ya USB ikichomekwa na ikaandika wakati ile ya ndani imekaa kimya, usishangae, wala usihitimishe kwamba ya ndani imeungua. Kila fundi awe na kibodi moja ya USB kwenye mkoba, hata ya bei ya chini kabisa.

Laptopu ya mwalimu ilipona hapo. Kwenye GRUB nilibonyeza `e`, nikashuka hadi mstari unaoanza na neno `linux`, nikaenda mwisho wake na kuongeza `i8042.reset`, kisha F10. Agizo hilo huiambia kerneli ikianzishe upya kidhibiti kabla ya kukitumia, na linadumu kwa uwashaji huo mmoja tu, kwa hiyo ukikosea unazima na kuwasha. Lisiposaidia, lifute ujaribu `i8042.nomux`. Usiyaweke yote mawili kwa pamoja mwanzoni, hutajua lipi lililoponya. Likishaponya, liandike ndani ya `/etc/default/grub`, kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, halafu `sudo update-grub`.

Kuna kesi nyingine inayofanana na kibodi mbovu na wala si kibodi mbovu. Laptopu nyingi tunazouziana huku ni za mtumba kutoka Ulaya. Yenye kibodi ya Kijerumani ina Z na Y zilizobadilishana nafasi. Ya Kiingereza cha Uingereza, alama ya @ iko pale ambapo mpangilio wa Marekani unaweka alama ya kunukuu. Sasa mfumo umepandishwa, mpangilio wa skrini ya kuingilia umerudi kwenye `us`, yaani wa Marekani, na paswedi ya mtu ina @ katikati. Anaandika sawasawa kama miaka yote, mfumo unamkataa, na anaamini amesahau paswedi yake. Mbonyezee alama ya jicho kando ya kisanduku ili paswedi ionekane. Mara nyingi utaona kosa hapohapo. Skrini ya kuingilia hufuata mpangilio wa mfumo mzima, haifuati ule aliouchagua ndani ya akaunti yake, kwa hiyo akishaingia rekebisha kwa `sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration` na uwashe upya. Kwenye orodha utakuta Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya pia. Usichague kwa mapenzi ya lugha, chagua kinacholingana na kilichochapwa juu ya vitufe.

Vitufe vichache vikigoma na vingine vikifanya kazi, weka `evtest`, programu ndogo inayoonyesha kila kitufe kinachobonyezwa, na uiendeshe kwa `sudo`. Chagua kibodi kwenye orodha, bonyeza kitufe kinacholalamikiwa. Mstari ukitokea, kerneli inakisikia na tatizo liko kwenye hatua zinazoifuata, skrini ya kuingilia au eneokazi. Usipotokea, rudi kwenye kifaa. Na kama zamani ulibadilisha vitufe kwa `setxkbmap`, andika `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Ukiona `wayland`, yaani njia mpya ya kuendesha skrini na kibodi, amri hiyo haina nguvu tena kwenye eneokazi lako. Ubuntu 24.04 bado inakuruhusu kuchagua Xorg, njia ya zamani, kupitia alama ya gia kwenye skrini ya kuingilia, lakini 25.10 imeshaiondoa, kwa hiyo zoea Wayland mapema.

Waifai nayo hupotea, hasa kwa kadi za kampuni ya Broadcom ambazo draiva yake, programu inayoiendesha kadi, hujengwa upya kwa kila kerneli. `lspci -k` itakuonyesha kama kadi ina draiva inayoitumia. Tatizo ni kwamba dawa yenyewe iko kwenye intaneti. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti, na Linux huitambua bila kuweka chochote. Hakikisha tu bando linatosha.

Siku hizi sipandishi mashine ya mtu kabla sijanakili mafaili yake kwenye diski ya nje na kuandika daftarini majibu ya `uname -r`, `lspci -k`, `lsusb` na `localectl status`. Kisha nawasha kwa flashi ya toleo jipya bila kusakinisha, naandika sentensi mbili kwa kibodi ya ndani, nagusa kipanya cha mguso, natafuta waifai. Mwalimu yule alirudi na laptopu ya mwenzake mwezi uliofuata, na tulifanya jaribio hilo naye akiwa amekaa pembeni yangu.