Maswali na Majibu: Njia ya kuufikia ubingwa wa tiba ya ugumba

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, napenda sana baiolojia, na nia yangu ni kuja kuwasaidia wanaotafuta mtoto. Nikimaliza udaktari nitaanza moja kwa moja kuwatibu, au kuna masomo mengine? Kwa jumla ni miaka mingapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hutaanza moja kwa moja. Katika nchi nyingi shahada ya udaktari huchukua miaka mitano au sita, kisha unakuwa daktari mtarajali kwa mwaka mmoja au miwili. Baada ya hapo unasomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, na ukishaupata ndipo unapoingia ubingwa bobezi wa tiba ya ugumba na homoni za uzazi, miaka miwili au mitatu tena. Marekani, kwa mfano, ni miaka minne ya chuo cha udaktari juu ya shahada ya kwanza, minne ya ubingwa na mitatu ya ubobezi. Jiandae kwa miaka 11 hadi 15 tangu siku unayoingia chuo kikuu.

Wengi huiona miaka ya ubingwa wa uzazi kuwa kama kuzunguka mlima bure. Si bure hata kidogo. Katika tiba hii mayai huvunwa kutoka kwenye ovari na kutungishwa maabara, kisha kiinitete, yaani mimba changa kabisa, hupandikizwa kwenye kizazi. Mama aliyevunwa mayai asubuhi anaweza kuvuja damu tumboni jioni, na aliyepandikizwa kiinitete anaweza kupata mimba iliyotunga kwenye mrija. Anayemhudumia lazima azitambue dalili na awe na mkono wa kuingia chumba cha upasuaji.

Kwa sasa shika baiolojia na kemia, na hisabati usiiache. Kazi hii ni ya uwezekano: kila siku utaulizwa “nafasi yangu ni kiasi gani?”, na asiyezielewa takwimu hujibu kwa matumaini tu.

SWALI: Nasomea ubingwa wa wanawake na uzazi na nataka kuendelea na ubobezi. Kuna wakati ultrasaundi inaonyesha vijifuko vizuri, vile vya ovari vinavyobeba mayai, lakini siku ya kuvuna halipatikani yai hata moja. Inatokeaje?

JIBU: Kabla ya kulaumu ovari, uliza sindano ya kukomaza mayai ilichomwa saa ngapi, na ilichanganywaje.

Tuufuate mzunguko wenyewe. Kwanza unapima homoni ya AMH, inayoonyesha akiba ya mayai, na kuhesabu vijifuko vidogo kwenye ovari. Hivyo viwili ndivyo vinavyokupa kipimo cha dawa. Siku ya pili au ya tatu ya hedhi mama anaanza sindano za FSH, homoni ya kukuza vijifuko, mara nyingi uniti 150 hadi 225 kwa siku, pungufu kwa mwenye ovari zenye vijifuko vingi. Anaendelea siku 8 hadi 12, huku ultrasaundi ikirudiwa kila baada ya siku mbili tatu. Kwenye siku ya tano au ya sita ya sindano hizo inaongezwa dawa ya kuizuia homoni ya LH isipande yenyewe na kuyatoa mayai kabla ya wakati. Vijifuko viwili au vitatu vinapofika milimita 17 au 18, inachomwa sindano ya kukomaza, yaani homoni ya hCG au agonisti, dawa inayoufanya mwili utoe LH yake wenyewe, na mayai yanavunwa saa 34 hadi 36 baadaye.

Saa hizo zina sababu. Sindano ile inaiga mpando wa LH: yai linakamilisha mgawanyiko wake na kulegea kutoka kwenye ukuta wa kijifuko. Ukiwahi mno, yai limeshikilia na halijakomaa. Ukichelewa sana, vijifuko vimeshapasuka na mayai yamemwagika tumboni.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni la kuchanganya dawa: mama anavuta maji ya kuyeyushia na kujichoma hayo, unga wote wa dawa ukabaki kwenye kichupa. La pili ni la saa, na kwetu wasemaji wa Kiswahili ni rahisi sana kutokea. Ukimwandikia “10:00 usiku” ukikusudia saa nne, ataweka kengele ya saa kumi. Amechelewa saa sita, na wewe utavuna kwenye saa ya 30. Andika namna zote mbili, “Jumatatu saa nne usiku, simu yako itaonyesha 22:00”, umwambie akurudishie kwa maneno yake, kisha muuguzi ampigie baada ya sindano. Kuvuna kutakuwa Jumatano saa nne asubuhi.

Ovari ya kwanza ikitoka tupu, simama. Usiimalize ya pili. Pima hCG katika damu au mkojo palepale, ikiwa hiyo ndiyo dawa iliyotumika. Isipoonekana, dawa haikuingia mwilini: rudia dozi na uvune ovari iliyobaki baada ya saa 36. Kama alitumia agonisti badala ya hCG, kinachopimwa ni LH na homoni ya projesteroni.

Kuhusu mkono wenyewe: sindano ya kuvunia, mara nyingi geji 17, inapita ukuta wa uke ikiongozwa na ultrasaundi, kwa mvuto wa kiasi cha milimita 100 hadi 120 za zebaki, na mirija ya kupokelea maji hukaa kwenye nyuzi joto 37. Mshipa mkubwa wa damu wa nyonga, picha ikiuonyesha kwa upana, hufanana kabisa na kijifuko. Zungusha kichwa cha ultrasaundi kabla ya kuchoma: kijifuko kitabaki duara, mshipa utarefuka kama bomba. Uvimbe wenye damu nzito wa endometriosisi, ugonjwa wa utando wa kizazi kuota nje ya kizazi, uupishe. Kuutoboa kunakaribisha usaha.

Kupandikiza kunaonekana kwepesi kuliko kuvuna, nami nakusihi usikudharau. Kibofu kijae ili kizazi kinyooke na kuonekana, ute wa mlango wa kizazi ufutwe, na ncha ya katheta, mrija mwembamba wa kupandikizia, iishie kama sentimita moja na nusu kabla ya paa la kizazi. Ukiligusa paa, kizazi kinajikaza na kinaweza kukisukuma kiinitete. Baada ya kutoa katheta, maabara iikague kwa hadubini, maana kiinitete huweza kurudi nayo.

Mkono huu hukomaa kwa marudio chini ya msimamizi. Kinachochelewa ni uamuzi. Mfano mama ana vijifuko zaidi ya ishirini vinavyokua kwa pamoja: ukimkomaza kwa hCG na kupandikiza siku tano baadaye, unamweka kwenye hatari ya ovari kuchochewa kupita kiasi, yaani tumbo kujaa maji, mkojo kupungua na damu kuganda. Bobezi aliyeiva anamkomaza kwa agonisti, anagandisha viinitete vyote, na anapandikiza mwezi mwingine.

SWALI: Nina shahada ya baiolojia, si daktari. Je, mlango umefungwa kwangu?

JIBU: Uko wazi kabisa, ila ni wa maabara. Robert Edwards hakuwa daktari wa wagonjwa, alikuwa mwanasayansi. Jean Purdy alianza kama muuguzi, akawa mtaalamu wa viinitete. Wao wawili pamoja na daktari Patrick Steptoe ndio waliofanikisha kuzaliwa kwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungishwa maabara, huko Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Tuzo ya Nobel ilitolewa mwaka 2010 kwa Edwards peke yake, kwa kuwa wenzake wawili walikuwa wameshafariki. Inauma kwamba jina la Purdy lilichelewa sana kutajwa.

Mtaalamu wa viinitete huyatafuta mayai kwenye maji ya vijifuko, hukagua utungisho saa 16 hadi 18 baada ya mbegu kukutana na yai, hudunga mbegu moja ndani ya yai kwa njia iliyotangazwa mwaka 1992, na hugandisha viinitete katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Na hasogezi kitu kutoka chombo hadi chombo bila shahidi wa pili kuthibitisha jina na namba. Ukiwa mtu wa kuruka hatua, maabara hiyo usiingie.

SWALI: Bingwa huyu anatokea upande wa wanawake. Sisi wanaume tunatibiwa na nani?

JIBU: Kipimo cha kwanza yeye mwenyewe anakiagiza, na kiagizwe mwanzoni, siyo baada ya mke kuzunguka mwaka mzima. Kaa siku mbili hadi saba bila kumwaga shahawa, usitumie kilainishi, na tone la kwanza likimwagika sema, kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo yenye mbegu nyingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaweka kikomo cha chini kwenye mililita 1.4 za shahawa, mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 zinazojongea. Walio chini ya hapo wengine hupata watoto, hivyo majibu mabaya hurudiwa. Ukiwa umepata homa kali, subiri kama miezi mitatu.

Pasipoonekana mbegu kabisa, unapelekwa kwa bingwa wa mfumo wa mkojo aliyebobea katika uzazi wa wanaume. Jambo moja tafadhali: usichome testosteroni ukidhani inaongeza mbegu. Inauambia ubongo usimamishe kazi ya korodani.

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kliniki ya uzazi. Mama ambaye kipimo cha mimba kimekuja hasi aambiwe vipi, na nani?

JIBU: Na daktari aliyepandikiza, kwa sauti yake, saa ileile aliyoahidiwa. Ujumbe wa maandishi hautoshi. Sema jibu katika sentensi ya kwanza, kisha nyamaza, umwachie nafasi. Mweleze dawa zipi aache na hedhi aitarajie lini. Swali la “nilikosea wapi, nilibeba ndoo?” lijibiwe waziwazi: hapana, sababu iliyo ya kawaida zaidi ni kromosomu za kiinitete, na hilo huongezeka kadiri umri wa mayai unavyosonga. Mzunguko mwingine usiutaje kwenye simu hiyo. Mpe miadi baada ya wiki moja au mbili, aje na mwenzake, faili likiwa mezani.